Dawa ya Deni

Nilipewa mbwa badala ya elfu thelathini
nilizokuwa nikimdai Mheliwa, muuza mabati wa Nkuhungu.
Nikamwita Deni.
Majirani walishika mbavu:
nani duniani husimama uani
akaita, "Deni, njoo! Deni, njoo nyumbani!"

Hakuja.
Angekujaje,
mkono mmoja unaita, mwingine una fimbo?
Ndivyo nilivyofunzwa mimi jedwali la saba,
kwa ufito wa mkwaju.
Mpaka leo saba mara nane huniuma kiganjani
kabla haijafika kichwani.

Jumamosi, saa moja kasoro,
kiwanja cha nyuma ya godauni la mtama, Kizota.
Upepo wa Julai umetutangulia,
unagawa vumbi, kila mtu fungu lake.
Watu tisa, mbwa tisa, kamba za kila namna:
katani, manila, mkanda wa suruali;
binti mmoja kamfunga wake kwa kitenge.

Mwalimu Sechelela hana filimbi, hana kiboko.
Ana kifuko kiunoni,
maini yaliyokaushwa juani,
kayakata madogo kama punje za mahindi.
"Msimvizie akikosea," anasema.
"Mvizieni akipatia.
Na kabla hujahesabu mbili, kipande kiwe mdomoni.
Ukichelewa, umemlipa kwa kazi nyingine."

Chilewa, karani wa mizani, ananguruma:
"Mchelea mwana kulia hulia yeye.
Hii ni rushwa, mwalimu!"
"Na wewe, mwisho wa mwezi, hupokea nini?"
Tunacheka. Mbwa wawili wanabweka.
Chilewa anajipapasa mfukoni,
anatoa dagaa mmoja, kwa aibu.

"Keti!" Sauti tisa.
Bosi anaketi juu ya kiatu cha bwana wake.
Malaika anamng'ata Sukari sikio.
Kijibwa cha kwenye kitenge kinakojoa,
kisha kinatutazama kama kilichofaulu mtihani.

Deni yuko mwisho wa kamba, tumbo chini.
Nainua mkono nimpe ini.
Anajibana ardhini, anafumba macho,
anangoja.

Hapo nikauona mkono wangu
kama anavyouona yeye, kutoka chini:
mrefu, mweusi mbele ya jua,
hauna uso.

Sechelela akachuchumaa kando yangu.
Hakuuliza nilimpiga mara ngapi.
"Ushushe. Kiganja juu, kama mwombaji.
Usimkazie macho, tazama kilima kile."
Magoti kwenye changarawe,
mimi, mlinzi wa usiku ninayeogopwa mtaa mzima,
nikamwomba mbwa.

Wiki ya kwanza, hakuna. Nikaliacha ini chini.
Jirani akanikumbusha: mcheza na mbwa humfuata msikitini.
Mimi ni mtu wa kanisani,
na huyu hata getini hanifuati.
Ya pili alinyoosha shingo tu,
miguu ya nyuma imebaki tayari kukimbia.
Ya tatu mwalimu aliumwa,
tukafundishana wenyewe, vibaya.
Ya nne,
ulimi.
Mkwaruzo wa moto, mara moja,
kwenye kiganja kilekile cha saba mara nane.

Jana usiku, kabla sijaenda lindo,
mwanangu Yusto alileta daftari la hesabu.
Kakosa nne katika kumi.
Mkono ukainuka wenyewe, njia inaijua.
Akafumba macho.

Taa ilikuwa inanguruma. Mama yake aliacha kusonga ugali.
Nikaushusha.
Kiganja juu.
"Nionyeshe," nikasema, na sauti haikutoka vizuri,
"zile sita ulizopata."

Leo asubuhi narudi lindo, nasimama uani, naita:
"Deni, njoo!"
Ng'ambo ya ua wanacheka, kama kawaida yao.
Kutoka nyuma ya choo, kupitia kamba ya nguo,
vumbi linakuja mbio, lina masikio.
Dawa yake kila mtu anaijua.
Natia mkono mfukoni.